Kuchoka na Kuishiwa: Akiba ya Nishati katika Misuli ya Mwenye Mazoezi

Mtu aliyepanda kutoka bonde la Ruzizi hadi Lemera na mzigo mgongoni anaweza kusema moja ya mambo mawili akifika. Anaweza kusema "nimechoka", au anaweza kusema "nimeishiwa". Wanaomsikia hawayachanganyi. Aliyechoka hupewa kiti. Aliyeishiwa hupewa kitu cha kutia mdomoni, hata kama ni kipande cha muhogo baridi kilichobaki asubuhi.

Sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kuisikia tofauti hiyo kwanza katika sarufi. "Choka" ni kitenzi cha hali: mtu amo ndani ya hali fulani, basi. "Ishiwa" kina safari ndefu zaidi. Kimeanza na "isha", kikaongezwa kiambishi cha kutendea tukapata "ishia", kisha cha kutendwa, na mwenye mwili akawa ndiye aliyetendewa jambo: kuna kitu kilichokuwa kwake na sasa hakipo. Kitu hakiwezi kuisha kama hakikuwapo, tena kwa kiasi kinachopungua. Ndiyo maana tunaishiwa pesa, mafuta ya taa, unite za simu, pumzi na nguvu, lakini sijamsikia mtu aliyeishiwa urefu. Mnyambuliko huo peke yake unadai kwamba mwilini mna ghala. Nataka kueleza katika makala haya kwamba ghala hilo lipo kweli, kwamba limepimwa kwa sindano, na kwamba mazoezi ya kustahimili masafa marefu hulibadilisha kwa namna inayostahili maelezo mazuri kwa Kiswahili. (Msomaji wa Kivu anisamehe neno "makala". Kwetu makala ni yale yanayochomwa na kuuzwa kwa magunia kando ya barabara. Leo maana zote mbili zinafaa.)

Swali hili sikulitafuta mwenyewe. Mdogo wangu ana miaka 17 na anakimbia. Wakati wa likizo aliniambia kwamba anayewafundisha amewakataza bugali kwa wiki mbili kabla ya mashindano, kwa sababu bugali "inalemaza miguu". Badala yake wale mboga, samaki na mayai kidogo, na wakimbie zaidi. Alitaka mtu wa chuo amwambie kama ni kweli. Nilimwambia ninasoma lugha, si tiba. Akajibu kwamba basi nisome, maana ndiyo kazi niliyopelekwa kufanya. Nilikaa na vitabu vya rafiki anayesoma tiba, vyote vya Kifaransa, na shida ya kwanza ikawa maneno.

Kwa Kiswahili cha kwetu neno "nguvu" linabeba kila kitu: uwezo wa kuinua gunia, ukali wa upepo, mamlaka ya chifu, hata ule moto wa ndani unaomwezesha mtu kutembea siku nzima. Istilahi za Tanzania zimegawa mzigo huo, ambapo "kani" ni ile inayosukuma au kuvuta, na "nishati" ni uwezo wa kufanya kazi. "Nishati" limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake inahusu uchangamfu na bidii, na kwa hiyo si neno baridi kama linavyosikika darasani. Nitalitumia. Neno "wanga" nitalitumia pia, kwa vyakula kama muhogo, mahindi na viazi, ingawa najua kuna wasomaji ambao kwao wanga ni watu wanaotembea usiku bila nguo.

Msuli hauli chakula moja kwa moja. Unatumia kemikali moja tu, inayoitwa ATP, na kiasi kilichopo ndani yake wakati wowote kinatosha kwa sekunde chache za kazi kali. Kando yake kuna fosfokreatini, inayoijaza ATP upya kwa sekunde kama kumi. Hizo ndizo pesa zilizofungwa kwenye pindo la kitenge: ziko tayari mkononi, lakini hazikufikishi mbali. Baada ya hapo msuli hutafuta kwingine, na kwingine ni kuwili.

Kwa mtu wa Lemera ningeeleza hivi. Nyumbani kuna unga wa muhogo kwenye ndoo, na shambani kuna muhogo ambao bado uko ardhini. Unga ni kidogo, ila ukitaka kula unachota na kusonga. Muhogo wa shambani ni mwingi sana na unaweza kukaa ardhini mwaka au zaidi bila kuharibika, lakini haupikwi kabla ya kung'olewa, kumenywa, kulowekwa siku kadhaa, kuanikwa na kutwangwa. Unga wa ndoo ni glaikojeni. Muhogo wa shambani ni mafuta ya mwili.

Glaikojeni ni sukari iliyounganishwa kwa minyororo yenye matawi mengi. Mfaransa Claude Bernard aliitenga kutoka katika ini mwaka 1857, na jina lake limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya utamu na kuzaa. Ingekuwa juu yangu ningeiita "kizaasukari", lakini vitabu vya shule vimeshazoea "glaikojeni" na sioni sababu ya kupigana navyo. Mtu mzima huwa na gramu kama 400 za glaikojeni katika misuli yote na gramu 80 hadi 100 katika ini. Kila gramu hutoa takriban kilokalori 4. Jumla ni kama 2,000.

Sasa tupige hesabu. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilometa. Mtu wa kilo 60 anayekimbia marathoni, kilometa 42 na mita 195, atahitaji zaidi kidogo ya 2,500. Ghala lake la 2,000 halifiki. Kama angetegemea glaikojeni peke yake angeishiwa mahali fulani baada ya kilometa 30, na hapo ndipo wakimbiaji wengi husimulia kwamba miguu iligeuka mawe. Mtu huyohuyo, hata akiwa mwembamba, anaweza kuwa na kilo 6 za mafuta, na kila gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9. Hizo ni 54,000, marathoni zaidi ya 20. Kwa hiyo anayeishiwa njiani hakukosa nishati mwilini. Amemaliza unga, na muhogo wa shambani haumfikii kwa kasi anayoihitaji.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza zaidi ya hesabu. Glaikojeni ya msuli haikopeshwi. Ini linaweza kuvunja glaikojeni yake na kutoa sukari kwenye damu kwa faida ya mwili mzima, hasa ubongo, lakini msuli hauna kimeng'enya cha kuitoa sukari yake nje. Kilichowekwa kwenye mkono kitatumiwa na mkono, na kilichowekwa kwenye paja la kushoto hakitasaidia la kulia. Ukoo mmoja, lakini kila nyumba na ndoo yake.

Tabia hiyo ndiyo iliyowezesha jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote niliyosoma. Stockholm, miaka ya 1960, daktari Jonas Bergström alikuwa amerudisha katika matumizi sindano nene inayochukua kipande kidogo cha msuli kwa mtu aliye macho. Yeye na mwenzake Eric Hultman waliamua kujipima wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja isiyosogea, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukashindwa, mguu wa pili ukiwa umepumzika. Sindano ilionyesha kwamba mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu mtupu, na uliopumzika ulikuwa bado umejaa. Kisha kwa siku tatu wakala karibu wanga mtupu na kuendelea kujichoma sindano. Mguu uliochoka ulijaa tena, ukapita ulipokuwa mwanzo, ukafikia karibu mara mbili ya mwenzake. Ule uliopumzika haukubadilika sana, ingawa damu iliyoleta sukari ilikuwa moja na chakula kilikuwa kimoja. Walichapisha matokeo mwaka 1966.

Fikiria maana yake. Kula peke yake hakukuongeza ghala. Msuli uliomaliza akiba yake ndio uliofungua mlango. Tena neno "mlango" hapa si tamathali tupu: kwenye ukuta wa kila uzi wa msuli kuna protini zinazopitisha sukari kutoka kwenye damu, na msuli unapofanya kazi protini hizo husogezwa kutoka ndani hadi ukutani. Anayefanya mazoezi mara kwa mara huwa na milango mingi zaidi, na huwa na vimeng'enya vingi zaidi vya kuunganisha sukari iwe glaikojeni. Ndiyo maana misuli ya mtu mwenye mazoezi, hata akiwa amepumzika na amekula chakula cha kawaida, huwa na glaikojeni nyingi kuliko ya asiye na mazoezi.

Mwaka uliofuata, 1967, timu hiyo ikiwa na Bengt Saltin ilipima jambo ambalo mdogo wangu angelihitaji. Watu walewale walikanyaga baiskeli kwa kazi ileile baada ya kula vyakula vya aina tatu kwa siku chache. Baada ya chakula cha mchanganyiko walidumu karibu saa mbili. Baada ya mafuta na protini bila wanga, karibu saa moja. Baada ya wanga mwingi, karibu saa mbili na dakika 45.

Lakini kuongeza unga kwenye ndoo ni nusu ya habari, na naona ni nusu ndogo. Badiliko kubwa linalotokana na mazoezi ya masafa liko katika matumizi. Mwaka 1967 pia, Marekani, John Holloszy alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki nyingi waliongeza karibu mara mbili uwezo wa mitokondria za misuli yao. Mitokondria ni vijumba vidogo ndani ya seli ambamo wanga na mafuta huchomwa kwa oksijeni ili kutengeneza ATP. Zikiwa chache, mafuta hayachomwi kwa kasi ya kutosha na msuli unakimbilia unga. Zikiwa nyingi, mtu anayekwenda kwa mwendo uleule wa zamani anachoma mafuta mengi zaidi na kugusa glaikojeni kidogo zaidi. Kwa lugha ya shamba, kaya imepata mikono mingi ya kumenya na kutwanga, kwa hiyo ndoo haipungui haraka.

Na msuli hauishii hapo. Huhamishia sehemu ya mafuta karibu. Ndani ya nyuzi za msuli kuna matone madogo ya mafuta, na kwa waliozoea masafa marefu matone hayo huwa mengi na mara nyingi hugusana na mitokondria. Jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa muda, kwa sababu mafuta ndani ya msuli yameonekana pia kwa watu wanene wenye kisukari, na kwao yanakwenda pamoja na misuli isiyosikia insulini. Mkimbiaji anaweza kuwa na mafuta hayo kwa wingi uleule, naye misuli yake inaisikia insulini vizuri kabisa. Tofauti inayotajwa zaidi ni mzunguko: kwa mkimbiaji mafuta yanaingia na kutoka kila siku, kwa yule mwingine yamelala.

Hapa kuna zawadi ndogo kwa wanaisimu. "Mazoezi" na "mazoea" ni watoto wa kitenzi kimoja, "zoea". Zoezi limepitia "zoeza", kumfanya mtu azoee. Kifaransa kina neno linalotokana na kuvuta na kuburuta. Sisi tunasema kwamba msuli unazoeshwa, na hilo liko karibu zaidi na kinachotokea ndani ya seli. Methali moja tu ndiyo inayoshindwa. Tunaambiwa akiba haiozi, lakini mitokondria zilizojengwa kwa miezi huanza kupungua ndani ya wiki chache baada ya mtu kuacha kukimbia.

Mtu akitaja masafa marefu katika Afrika Mashariki, mazungumzo hukimbilia Kenya, na kwa kawaida hukimbilia pia fikra kwamba wale wamezaliwa hivyo. Mimi nimechoshwa na fikra hiyo. Jirani zetu ng'ambo ya Ruzizi walipata medali yao ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, Vénuste Niyongabo aliposhinda mita 5,000, na sikumbuki mtu akisema Warundi wote wana miguu ya ajabu. Saltin, yule wa 1967, alilinganisha misuli ya wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Aina za nyuzi hazikutofautiana sana. Kilichozidi kwa Wakenya, kwa takriban asilimia 20, ni utendaji wa kimeng'enya kimoja muhimu katika kuvunja mafuta, yaani kilekile ambacho mazoezi ya miaka mingi hukikuza. Wala chakula chao si siri. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji 10 mashuhuri wa Kenya waliopimwa chakula kwa siku 7. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi sana kwenye chai ya maziwa. Nyama ilikuwa kidogo.

Na hata mwenye ghala kubwa kuliko wote hulijaza njiani. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, wasaidizi walimfikia kwa baiskeli na kumpa kinywaji cha wanga akiwa bado anakimbia.

Basi nikamjibu mdogo wangu, kwa Kiswahili na Kifuliiru vilivyochanganyika. Nilianza kwa kumtetea anayewafundisha, kwa sababu alichokiona si uongo. Kila gramu ya glaikojeni huwekwa pamoja na gramu kama 3 za maji. Mtu anayejaza gramu 400 amebeba pia zaidi ya kilo moja ya maji, na anayeacha bugali atajisikia mwepesi siku ya tatu, na mizani itamuunga mkono. Huyo mwalimu ameona miguu ikiwa mizito na ameisema kwa maneno sahihi. Ila uzito huo ndio unga wenyewe. Kuutupa ili upande mlima ukiwa mwepesi ni sawa na kumwaga mafuta ya pikipiki ili isilemewe. Kukimbia zaidi huku umeacha wanga kunamaliza ndoo kila siku bila kuijaza, na mwili wenye milango mingi iliyofunguliwa hauna wa kupita mlangoni. Nilimshauri ale bugali yake, apunguze mbio siku tatu za mwisho, na alale.

Aliuliza swali moja la mwisho ambalo sikulitegemea: kama mazoezi ndiyo yanayojenga haya yote, kwa nini akina mama wanaobeba mizigo, ambao hupanda na kushuka kuliko mkimbiaji yeyote wa shule yao, hudhoofika badala ya kuimarika? Nilimwambia kwamba misuli yao bila shaka imezoea, na kwamba ungeichukua kwa sindano ya Bergström ungeona mitokondria tele. Lakini mazoezi hupanua ghala na kupunguza matumizi, hayaleti chakula. Mwili ambao mwaka mzima hupata kidogo kuliko unavyotoa hummaliza mwenyewe mafuta kwanza, kisha huanza kuvunja misuli ileile iliyozoeshwa. Hata wale wakimbiaji 10 wa Kenya walikula siku zile kidogo kuliko walichotumia, ila wao walikuwa na siku za kupumzika zilizopangwa, na chai yenye sukari ikiwangoja kambini.

Mama yetu mdogo hubeba unga kwenda soko la bondeni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, na hurudi na chumvi, sabuni na ndagala. Hajawahi kusikia neno glaikojeni. Kabla ya mlima wa mwisho hufunua kitambaa na kula muhogo wa kuchemsha na karanga, akitembea, bila kutua mzigo. Siku ambayo muhogo huo umepewa mtoto njiani, yeye husema mapema kabisa, bado tuko chini, kwamba leo ataishiwa, na tunajua tumpokee mzigo wapi.